Ndoto ya wikio: naamka naenda kupapasa ukuta

MamaMahamri (Mkomani, Lamu):
Asalam aleikum jamaa. Kuna ndoto inanijia mara kwa mara, tena si ya kutisha, ndiyo maana sijui niipeleke wapi. Niko ghorofani, nyumba ya marehemu nyanya, hii hii nikaayo. Baina ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, pana mlango mdogo. Naufungua, natokea kwenye wikio, lile daraja la juu ya njia liungalo nyumba mbili. Chini punda wa simiti kakwama konani na mwenyewe anamtukana. Nasikia harufu ya udi, na ya choo pia (nyumba kongwe, mwajua). Ng'ambo kuna msana (ukumbi mrefu) mwingine, nyanya kaketi juu ya mbuzi anakuna nazi. Hanitazami, aniambia tu: "Wacha mlango wazi, upepo wa kusi uingie."

Niamkapo naenda kupapasa ukuta. Hakuna kitu. Mjomba asema upande ule hapajawahi kuwa na wikio, ni ukuta wa watu. Na mimi kiganjani bado nahisi baridi ya komeo.

Ndoto yenyewe ningeiacha, lakini sasa inamwagikia mchana. Juzi nimemdai jirani mbuzi yangu, akanikodolea macho. Mbuzi iko jikoni kwangu! Nilimkopesha ndotoni, nikampitishia kwenye wikio. Sitaki kuambiwa nitaolewa na tajiri. Nataka kujua kwa nini inashika kama jambo lililotokea, na nitenganisheje.

KijanaWaLangoni:
Nyanya akuita huyo. Soma khitma, toa sadaka.

MamaMahamri:
Khitma twasoma. Shukran.

NesiMstaafu (Malindi):
Dada, kwa jina lako nakisia waamka saa tisa usiku kukanda, wauza, kisha warudi kitandani. Ndoto yaja usingizi huo wa pili?

Kuna kipindi cha usingizi ambacho macho huchezacheza chini ya kope; watafiti Aserinsky na Kleitman wa Chicago walikieleza 1953. Hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, kifupi mwanzo wa usiku, kirefu kuelekea asubuhi. Anayeamka mapema kisha akalala tena hukiingia upesi. Hapo ubongo wa mbele, unaopima kama jambo lawezekana, umetulia, na sehemu za kuona na za hisia zimechangamka. Kwa hiyo hakuna wa kukuuliza wikio limetoka wapi. Ukiamshwa katikati, na simu au watoto, waamka na ndoto nzima mkononi.

Na je, watumia dawa? Mefloquine ya malaria na propranolol ya presha zajulikana kuleta ndoto kali. Ikiwa ni hivyo usiache mwenyewe, mwone daktari.

MamaMahamri:
Dawa sina. Usingizi wa pili ndio huo huo! Hulala wateja wa asubuhi wakiisha, na huamshwa na watoto wa mtaani.

MzeeWaBaraza:
Mwanangu, hadithi ya Mtume yataja ndoto namna tatu: bishara ya Mungu, huzuni ya shetani, na ayasemayo mtu nafsini mwake. Hii yako naiona ya tatu. Hebu niambie, kusi yaingia humo ndani?

MamaMahamri:
Haingii, mzee. Jirani wa nyuma kaongeza ghorofa, tangu hapo twapika kama tumo ndani ya tanuri.

MzeeWaBaraza:
Basi.

FundiSimu:
Mimi huota nimemrudishia mteja simu yake, kisha nashangaa akija kuidai. Dawa yangu: deni, ahadi, kitu kutoka au kuingia, naandika pale pale. Lisilo daftarini silidai mtu mpaka nimuulize kwa upole. Pia nikiamka naisimulia ndoto kwa sauti, "nimeota kwamba...", kabla sijashika kazi. Inakaa mahali pake.

MamaMahamri:
Daftari la mikopo ya mahamri ninalo, nitaongeza na vyombo. Na wewe KijanaWaLangoni uliyeniambia nitoe sadaka, nimelifungua sasa hivi. Jina lako limo tangu Ramadhani, na hilo sikuliota.