Gumzo la Kikundi cha Mtaa: Ruzuku, Benchi na Mfuniko wa Mtaro

Mama Zuhura: Assalamu alaykum, majirani. Mwanangu aliyeko Marekani amenieleza kwamba AARP, jumuiya ya watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi, tangu mwaka 2017 hutoa ruzuku ndogo ili mitaa ikalike kwa mtoto, kijana na mzee. Je, tuombe kwa ajili ya benchi na kivuli pale kituo cha daladala?

Mwalimu: Waalaykumu salaam. Fedha hizo ni za Marekani na maeneo yake tu, tena hupewa mashirika yasiyo ya kibiashara na mamlaka za serikali. Cha kuiga ni utaratibu wao: mradi huwa mdogo, nao hukamilika ndani ya miezi michache, watu wakauona na kuutumia wakati mipango mikubwa bado iko mezani.

Baba Neema: Kwani ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri haitufai?

Mwalimu: Hiyo ni mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nayo hurejeshwa. Benchi halina marejesho, ndugu yangu, labda tuwatoze wanaolikalia.

Bibi Mwajuma: Wanangu, benchi ni jambo jema, lakini nitalifikiaje? Mfuniko wa mtaro mbele ya duka la mkaa umevunjika hadi nondo zimechomoza, nami na mkongojo wangu hulazimika kushuka barabarani, bodaboda zikinipita ubavuni. Wenye watoto mgongoni nao hupita hapohapo.

Baba Neema: Shikamoo, Bibi. Basi tuanze na mfuniko.

Bibi Mwajuma: Marahaba, mwanangu.

Mjumbe wa Serikali ya Mtaa: Naafiki. Hata hivyo, barabara ile iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa hiyo tusimwage zege kiholela. Nitaandika barua ipitie kwa Mwenyekiti wa Mtaa, nikiambatanisha picha za mtaro. Baba Neema, tafadhali muulize fundi bei ya nondo, saruji na kokoto, kisha uiweke hapa kila mtu aione kabla hatujachangishana.

Mama Zuhura: Nitapokea michango, na orodha nitaibandika humu kila jioni. Wazee wasidaiwe.

Bibi Mwajuma: Mimi nitatoa, msinifute.