Mumbai na mama anayeumwa goti: twende wapi, tuache wapi?

Binti Kibokoni
Asalam aleikum jamani. Namsindikiza mamangu Mumbai mwezi wa Januari, ana miadi ya goti. Kati ya vipimo na majibu kutakuwa na siku tupu, na mamangu si mtu wa kufungiwa chumbani. Ameshawatangazia majirani kwamba atazuru Haji Ali. Kwenye intaneti nimekuta orodha ndefu ambazo kila kitu ni "usikikose". Nawauliza mliofika: kipi chafaa kwa mtu wa mkongojo, ambaye ngazi kumi kwake ni safari? Na chakula je, twala wapi bila wasiwasi?

Baharia Mstaafu
Waaleikum salaam mwanangu. Bombay (jina walibadilisha 1995, mdomo wangu bado) nimeifikia kwa meli nikiwa kazini, na baadaye kwa ndege nikimpeleka mke wangu kutibiwa, kama wewe.

Haji Ali nendeni, ila msiamke tu mkaenda. Dargah, yaani kaburi la walii, iko juu ya mwamba baharini, ilijengwa 1431 kwa ajili ya Pir Haji Ali Shah Bukhari, na njia yake ni tuta la kama nusu kilomita lililopita katikati ya maji. Maji yakijaa tuta lafunikwa, na wakati wa bamvua ndiyo usiseme. Wewe mtoto wa pwani, hili sikufundishi: tazama mwezi, uliza saa za kupwa, mwingie maji yakiwa bado yanatoka. Mama asije akarudi anakimbizwa na bahari. Alhamisi na Ijumaa epukeni, watu husongamana. Ombaomba wamejipanga njia nzima, kwa hiyo bebeni chenji. Kuna miaka wanawake walizuiwa kulifikia kaburi, lakini Mahakama Kuu ya Bombay ililifuta zuio hilo 2016, kwa hiyo mama ana haki ya kuingia kama wanaume. Mkishatoka, pale barabarani kuna duka la juisi. Agizeni matopetope kwa krimu. Mke wangu alikuwa akidai turudi Haji Ali "kuomba dua", na dua yenyewe naijua mimi.

Gateway of India, lile lango kubwa la mawe kando ya bahari, ni ya kupiga picha, nusu saa yawatosha. Wapiga picha watawaandama; mkiwapa jicho tu, mmeshanunua.

Ningekuwa mimi, muda mrefu ningeupa stesheni ya treni, ile iliyokuwa Victoria Terminus na sasa ni Chhatrapati Shivaji Maharaj. Ilianza kujengwa 1878, ikachukua kama miaka kumi, mchoraji ramani F. W. Stevens, na tangu 2004 imo kwenye orodha ya urithi ya UNESCO. Tazameni nguzo za lango: moja ina simba wa mawe, Uingereza huyo, na nyingine ina chui milia, ndiye India. Mkiinua macho ukutani kuna tausi ametandaza mkia, jiwe limechongwa hata manyoya yanahesabika. Chini yake watu wanapita mbio kuwahi treni, hakuna mwenye habari naye. Mama hahitaji kupanda ngazi kuyaona hayo, anasimama tu.

Usafiri: tuktuk mtaziona viungani, lakini Bombay ya kusini haziruhusiwi. Huko ni teksi nyeusi na njano zenye mita. Dereva akikwambia mita mbovu, shukeni. Mkipanda treni, behewa la wanawake, na isiwe asubuhi wala jioni watu wanapotoka kazini.

Chakula, Mohammed Ali Road, jirani na Minara Masjid. Halali tupu. Nyama ya ng'ombe imepigwa marufuku jimbo zima la Maharashtra tangu 2015, kwa hiyo ni mbuzi, kuku au nyati wa kufugwa.

Mzaliwa wa Kisauni
Mzee kamaliza, mimi naongeza moja. Mkipita Flora Fountain, simameni kidogo. Chemchemi ile ya mawe ilikusudiwa kuitwa kwa jina la gavana wa Bombay, Bartle Frere, ndiye huyohuyo wa Frere Town yetu, hapa Kisauni, Mombasa. Wazee wetu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa walipelekwa Bombay na Nashik, na miaka ya 1870 baadhi yao wakaletwa kuishi hapa Kisauni. Kila siku twapita Kengeleni kwa matatu na hatuulizani haya.

Mpenda Safari wa Tudor
Mbona hakuna aliyetaja mapango ya Elephanta? Sanamu ya Shiva mwenye nyuso tatu, imechongwa kwenye mwamba wenyewe, ina kimo cha kama mita sita! Boti zinaondokea palepale Gateway, safari ya saa moja. Kukosa hiyo ni kwenda Mombasa usione Fort Jesus.

Baharia Mstaafu
Tudor, sikuisahau, niliiruka kusudi. Ngazi ni zaidi ya mia, zimebanwa na vibanda pande zote mbili. Kweli wapo vijana wanaobeba watu kwa kiti, lakini goti linalosubiri daktari sitalipeleka kwenye kiti kinachoyumba. Na boti yenyewe uruke kutoka ngazi ya mawe mawimbi yakicheza. Binti akipata mtu wa kukaa na mama, aende peke yake kwa boti za mapema, na isiwe Jumatatu maana hufungwa. Mgeni hulipishwa kiingilio mara nyingi zaidi ya mwenyeji, asishtuke.

Mama naye aende Byculla, bustani ya Jijamata. Yule tembo wa mawe aliyewafanya Wareno wakiite kisiwa Elephanta yuko hapo, jirani na jumba la makumbusho la Bhau Daji Lad. Waingereza walitaka kumsafirisha kwao 1864, wakamvunja wakati wa kumpakia, akaja kuungwa vipande. Teksi inawashusha langoni. Jumatano msiende, pamefungwa.

Binti Kibokoni
Shukran sana, mzee wangu. Nimemsomea mama, anacheka hiyo ya dua. Je, Januari kuna mvua? Na karatasi gani nisisahau?

Baharia Mstaafu
Mvua yao huja na kusi, Juni hadi Septemba, Januari ni kukavu. Karatasi: kadi ya chanjo ya homa ya manjano, yako na ya mama. Anayetoka Kenya bila hiyo anaweza kuwekwa karantini. Chanjo iwe imepita angalau siku kumi kabla ya kufika, basi msingoje wiki ya safari. Na majalada ya mama usiyatie kwenye begi la chini, yabebe mkononi.