Tupeane uzoefu: mtoto anakula, mbona kimo hakiongezeki?

Ndugu zangu, niko Mpondwe, Kasese, Uganda. Kijana wangu wa pili uji anamaliza, matoke anakula. Alipofika mwaka na nusu walimlaza kwenye ubao wa kupimia urefu, muuguzi akanionyesha nukta kwenye kadi: chini ya mstari wa kimo cha umri wake. Nikabisha, nikasema ukoo wetu ni wafupi. Akaniuliza kuku wangu wanalala wapi. Jikoni. Na mtoto anashinda jikoni.

Nikarudi nikakaa kumtazama tu. Chai haijachemka, ameshashika kinyesi cha kuku, amejipangusa tumboni, amelamba vidole, ameokota kipande cha muhogo palepale. Siku zote nilikuwa hapo na sikuwahi kuona.

Muuguzi alisema si lazima mtoto aharishe. Vijidudu vinaweza kuchokoza utumbo polepole, chakula kisifyonzwe vizuri. Huku kanda ya Tooro ndizi zimejaa, lakini uchunguzi wa 2016 ulikuta watoto kama 4 kati ya 10 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao. Nchi nzima asilimia 29. Inaniuma. Kwenu mmefanyaje?

*Mama Pacha, Busia:* Pole dada. Mimi mavi ya mtoto sikuyahesabu kuwa uchafu, nilitupa migombani. Mama mkwe alisema anayekula maziwa tu hana ubaya. Nikanunua poti, kila kitu chooni, kisha mikono kwa sabuni. Mama alinuna, ila sasa ndiye anayeimwaga.

*Baba Shamim, Bombo:* Sisi tunanawa kwa kibuyu chirizi, jerikani ndogo na kamba ya kukanyagia. Sabuni ya kipande iliibiwa mara tatu, kwa hiyo nayeyusha ya unga kwenye chupa, natoboa kifuniko.

*Mhudumu wa kijiji:* Yote mazuri, hasa dhidi ya kuhara. Ila niwe mkweli: majaribio makubwa, Kenya 2018 na Zimbabwe 2019, yalionyesha vyoo na kunawa peke yake havikuongeza kimo. Kilichosaidia kidogo ni nyongeza ya lishe. Ndizi inashibisha, haijengi. Mpeni maharage, mukene (dagaa), yai, hasa kabla ya miaka miwili.

*Mwanzisha mada:* Asante mzee, hapo umenigusa. Mayai nilikuwa napeleka yote sokoni. Kuku wamejengewa banda, na yai moja kila asubuhi ni lake. Nukta bado iko chini ya mstari. Tunapima tena mwezi ujao.