Mjadala: Mwenye ulemavu wa akili aandikwe maelezo ya onyo akiwa peke yake?

Mleta mada, Masasi
Tuanze na karatasi yenyewe. Kijana wa miaka 22, hajui kusoma saa, amekamatwa na mfuko wa korosho usio wake. Maelezo yake ya onyo, yale polisi wanayoyaandika baada ya kumwonya mtuhumiwa kwamba yanaweza kutumika mahakamani, yanasomeka: "Mnamo majira ya saa 8:30 usiku nilielekea ghalani kwa lengo la kutenda kosa." Chini yake dole gumba. Anayemfahamu hafiki mstari wa pili kabla ya kujua kwamba hayo ni maneno ya mwandishi. Mtoto wa miaka 17 tunamtafutia mzazi na afisa ustawi wa jamii. Huyu mwenye uelewa wa mtoto wa miaka 8 tunamwacha na afande. Nasema asihojiwe mpaka ndugu afike. Vifungu tutumie namba za toleo la 2022, tusichanganyane.

Mpelelezi mstaafu, Lindi
Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai tayari inamruhusu kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Lakini muda wa kuhoji ni saa 4, na unaweza kuongezwa kwa saa zisizozidi 8. Ndugu atoke Liwale ndani masika haya, atafika lini? Halafu kila mwizi atajifanya haelewi. Kukiwa na shaka, mahakama itampeleka hospitali ya akili ya Isanga akapimwe, basi.

Msaidizi wa kisheria, Newala
Mzee, soma kifungu cha 50 mpaka mwisho: muda wa kumsubiri wakili au ndugu hauhesabiwi. Na kujifanya? Mtu atajifanya leo, hawezi kuwa alijifanya tangu darasa la kwanza. Muulize mwenyekiti wa kitongoji.

Isanga iko Dodoma, karibu kilomita 1,000 kutoka Mtwara ukipitia Dar es Salaam. Kifungu cha 220 kinataka taarifa ya daktari ndani ya siku 42, ila zinahesabiwa tangu anapowekwa huko. Za kusubiri usafiri anazilala mahabusu. Akifika, kinachotafutwa ni ugonjwa, maana kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu kinazungumzia ugonjwa unaoathiri akili. Ulemavu wa akili si ugonjwa. Akionekana hawezi kujitetea, kesi inasimama mpaka daktari athibitishe kwamba sasa anaweza. Aliyezaliwa hivyo atathibitishwa lini?

Na wengi hata Isanga hawaioni. Anasomewa shtaka: "Ni kweli." Anasomewa maelezo ya kesi: "Ni kweli." Ametiwa hatiani asubuhi hiyohiyo, na kifungu cha 360 cha Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinambakizia rufaa ya adhabu tu, labda uonyeshe kwamba kukiri kwenyewe kulikuwa na utata. Hapo ndipo wanapoishia, si Dodoma.

Mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu, Nachingwea
Hiyo "ni kweli" ni mazoea ya kumridhisha mkubwa. Ukitaka kuijua, geuza swali. Muulize "Ulikuwa peke yako?", zungumzeni mengine, kisha "Mlikuwa wengi?" Akiitikia yote mawili, funga kalamu. Ukimwambia ana haki ya kunyamaza, mwache akueleze maana yake. Akikurudishia maneno yako kama kasuku, hajaelewa. Swali moja, jambo moja. Achana na saa, muulize kama ilikuwa kabla ya adhana ya alfajiri. Kama kwao ni Kimakonde au Kimwera, atafutwe wa kumtafsiria.

Ila mleta mada, kwa ndugu sikuungi mkono. Ndugu humjibia. Tena mara nyingine korosho ni za mjomba, na mjomba ndiye mlalamikaji! Akae naye mtu asiye na maslahi.

Mpelelezi mstaafu, Lindi
La saa 4 nimekubali, mmenishika. Lakini huyo asiye na maslahi nauli atalipwa na nani? Ustawi wa jamii wako wilayani, kituo kiko kata.

Mleta mada, Masasi
Mwalimu, la mjomba sikulifikiria. Naondoa neno ndugu. Nauli: wapo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Majina na simu zao zibandikwe kaunta, aitwe aliye karibu. Bodaboda ya kata kwa kata ni nafuu kuliko askari wawili kumsindikiza mtu Dodoma na kurudi.

Msaidizi wa kisheria, Newala
Na kwa mfuko mmoja wa korosho za mjomba, mwendesha mashtaka ana kifungu cha 98: anaweza kuomba kuliondoa shauri. Aombe kabla kijana hajaulizwa "ni kweli, si kweli?"