Ushauri: Mama awekewe meno ya kudumu (All-on-4), ya kuvaa, au tumpeleke India? Tuamue kabla ya mwisho wa mwezi

mtoto_wa_tatu
Habari zenu wakuu. Mama yangu meno yamemwisha, yamebaki sita na yote yanacheza. Jumapili tulikaa kikao, watoto wanne, tukakubaliana kuchanga. Shida ni kwamba kila kliniki ina wimbo wake.

Ya kwanza (zote ziko Dar) wamesema wang'oe yaliyobaki, wamtengenezee meno ya kuvaa na kuvua, juu na chini laki tisa. Ya pili wamesema All-on-4, yaani wanachimbia vipandikizi vinne (mizizi ya bandia ya titani) kwenye taya, meno yote yanafungwa juu yake kwa skrubu, hayavuliwi. Milioni 15 taya moja. Ya tatu wanasema vipandikizi viwili tu taya la chini, halafu meno ya kuvaa yanabana juu yake kama vile vifungo vya nguo za watoto. Milioni 6 na ushee. Kaka yetu aliyeko Maskat anasema tuache hayo yote, tumpeleke India.

Mkononi tuna milioni 13. Harusi ya mdogo wetu ni Disemba na mama keshasema mwaka huu hafuniki mdomo na khanga kwenye picha. Mngekuwa nyie mngechukua ipi?

Ngosha wa Igoma
Naunga tela. Wajuzi wanakuja.

Kibogoyo Mstaafu
Mleta mada umetuletea bei, mgonjwa hujamleta. Mama ana miaka mingapi? Sukari? Presha? Anavuta au anatumia ugoro? Hayo sita yako taya gani? Anakunywa dawa zipi kila siku? Na amepigwa picha ya CT ya mataya, au wamemmulika tochi wakataja milioni 15?

Bila hayo hapa tutapiga ramli tu.

Mama Wawili
Mimi nasema ya kuvaa, basi. Ninayo mwaka wa 11 huu. Usiku navua, naloweka kwenye kikombe, asubuhi napiga mswaki navaa. Nimesomesha watoto wawili na hela ambayo ningechimbia mdomoni. Milioni 15 ni kiwanja Chanika jamani, tena na msingi juu.

Kibogoyo Mstaafu
Mama Wawili, kwa heshima zote, unakula mahindi ya kuchoma?

Mama Wawili
Napukuchua.

Kibogoyo Mstaafu
Ndiyo hivyo. Meno ya kuvaa ya juu hayana shida sana, yananyonya kwenye kaakaa yakashika. Ya chini hayana pa kunyonya, ulimi uko katikati unayasukuma kutwa. Halafu ukishang'oa meno mfupa unaanza kuliwa, mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana yaliyokukaa vizuri mwanzo baadaye yanaelea, unaanza kununua gundi. Mimi yalinitoka msibani nikiwa napiga chafya. Yaliangukia kwenye mkeka, mtoto akayaokota akaniletea mbele ya mashemeji: "Babu, meno yako." Wiki iliyofuata nikaanza kuulizia vipandikizi.

DaktariWaKinywa
Mimi ni daktari wa meno, kliniki yangu siitaji maana sikuja kutafuta wateja.

Mleta mada, hivyo vitu vitatu ulivyotajiwa si kitu kimoja kwa bei tofauti. Ile ya vipandikizi viwili chini si ya kudharau. Mwaka 2002 wataalamu walikutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, wakakubaliana kwamba kwa taya la chini lisilo na meno, meno ya kuvaa yanayoshikwa na vipandikizi viwili ndiyo yawe chaguo la kuanzia, badala ya ya kuvaa matupu. Bado anavua usiku, ila hayaelei. Vile vipira vya kubana vinachakaa na vinabadilishwa, si ghali.

All-on-4 aliianzisha Mreno, Paulo Malo wa Lisbon, mwishoni mwa miaka ya 1990. Ujanja wake ni kwamba vipandikizi viwili vya mbele vinasimama wima, viwili vya nyuma vinalazwa kwa mshazari ili vikwepe uwazi wa pua juu na mshipa wa fahamu chini. Kwa hiyo hata aliyepoteza mfupa wa nyuma mara nyingi anawezekana bila kuongezewa mfupa. Mara nyingi, si kila mtu.

Ngosha wa Igoma
Mimi hivi vitu naviogopa. Ni majaribio ya juzi juzi haya, tutakuja kusikia kansa.

DaktariWaKinywa
Si ya juzi. Brånemark, Msweden, aligundua kwa bahati tu kwamba titani inashikana na mfupa, alikuwa anachunguza mifupa ya sungura. Mgonjwa wake wa kwanza alimwekea 1965, na yule bwana alikaa nayo zaidi ya miaka 40 hadi anafariki.

Kibogoyo Mstaafu
Sasa nimweleze mleta mada mambo ambayo kwenye tangazo hayamo. Mimi niliwekewa taya la chini, mwaka wa nne sasa.

Siku yenyewe hausikii maumivu, ganzi inafanya kazi. Unachosikia ni mtikisiko na sauti, kama fundi anatoboa ukuta wa jirani na kichwa chako kimeegemezwa ukutani. Jioni ndiyo uso unavimba, siku ya tatu nilikuwa kama nimeng'atwa na nyuki. Jiandaeni na barafu na mito miwili.

Meno anayotoka nayo siku ile au kesho yake SI MENO YENYEWE. Ni ya muda, ya plastiki. Mfupa unahitaji miezi mitatu hadi sita kushikana na titani, na muda wote huo ukila kitu kigumu unaitikisa skrubu kabla haijashikwa. Mimi nilikula mtori, uji, viazi vya kuponda, samaki wa kuchemsha, kwa miezi miwili na nusu. Mke wangu alikuwa akichoma nyama kwa jirani ili nisisikie harufu. Kwa hiyo Disemba mama atacheka kwenye picha sawa, lakini pilau la harusi atakula wali, nyama ataangalia.

Herufi S itamsumbua wiki mbili tatu. Mimi nilikuwa nikisema "sasa" inatoka mluzi. Nilisoma gazeti kwa sauti kila asubuhi ikaisha.

Na mkikabidhiwa mhesabu, kila taya ni meno 10 au 12, msishangae magego ya mwisho hayapo. Mwisho kabisa, usafi. Chakula kinaingia chini ya lile daraja la meno, pale yanapokaa juu ya fizi. Kuna uzi mnene wa kupitisha chini na kuna mashine ya kurusha maji. Usiposafisha fizi inaoza kuzunguka skrubu, mfupa unaondoka, meno ya milioni 15 yanakutokea mkononi.

Bint Mvita
Hapo kwa India na nje kwa jumla, niacheni nieleze, maana mimi yalinifika na sitaki yamfike mama wa mtu.

Mimi niko Mombasa. Nilikwenda nje kutengeneza taya la juu, nchi siitaji wala kliniki siitaji, nisije nikaitwa mahakamani. Bei ilikuwa karibu nusu ya nilioambiwa Nairobi. Nilipokelewa kama bibi harusi, gari uwanja wa ndege, hoteli, chai. Siku ya pili yake meno yote yameng'olewa, vipandikizi vinne ndani. Siku ya sita niko ndegeni narudi na meno meupe pepepe, mume wangu alicheka akasema ung'ae hivyo nitakuona hata stima zikikatika. Nilitakiwa nirudi baada ya miezi minne kuwekewa ya kudumu.

Mwezi wa pili nikaanza kusikia "tik". Ukitafuna upande wa kulia, tik. Mwanzo nikadhani ni taya. Baadaye nikasikia ladha ya chuma, na harufu, ile harufu ya kitambaa cha jikoni kilicholala maji. Nawatumia ujumbe kule, wananijibu kwa vikaragosi vya maua na "njoo tukuone". Nije na nauli ya nani?

Nikaenda kwa daktari hapa. Kafungua mdomo, kaangalia, kasema skrubu imelegea, kazi ya dakika tano. Kachukua bisibisi yake, haiingii. Kaleta nyingine, haiingii. Kumbe kila kampuni ya vipandikizi ina skrubu zake na bisibisi yake, na aina ziko chungu nzima duniani. Kaniuliza, "Dada, kadi yako iko wapi?" Kadi gani? Kadi ya vipandikizi, ina jina la kampuni, namba na ukubwa wa kila kimoja. Mimi nilipewa mkoba wa zawadi na fulana.

Nilizunguka kliniki nne na ile tik mdomoni. Wa nne aliangalia picha ya X-ray akatambua umbo, akaagiza bisibisi, ikachukua wiki tatu. Wakati huo kipandikizi kimoja kilikuwa kishakufa, usaha. Kikatolewa, nikangoja tena, kikawekwa kingine. Ukijumlisha yote nililipa zaidi ya ile bei ya Nairobi niliyoikimbia.

Nenda India ukitaka, kuna madaktari wazuri sana huko. Lakini usipande ndege ya kurudi bila ile kadi mkononi.

Chalii_wa_Sanawari
Hapo kwenye meno meupe pepepe ndipo ninapocheka. Sisi wa Arusha tukiweka hayo watu watajua ni ya bandia kutoka stendi. Weka ya kahawia kidogo, yaendane na kitambulisho.

Ngosha wa Igoma
😂😂 Mleta mada mama ni wa wapi? Kama ni wa Arusha basi ni yale maji, ndiyo yamemmaliza meno.

Chalii_wa_Sanawari
Ukweli ni kwamba maji ya kuzunguka Meru yana floridi nyingi, Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na kwetu kuna visima vinapita hapo mbali. Ila babu yangu amekufa na miaka 88 na meno ya rangi ya chai, yote kamili. Rangi si kuoza.

DaktariWaKinywa
Inategemea kiwango. Kidogo ni madoa tu. Ikizidi sana gamba la jino lenyewe linakuwa na vishimo na kumeguka. Na magadi ya kulainishia maharage nayo yana floridi, hilo watu hawalijui.

Mama Wawili
Magadi niachieni. Bila magadi makande hayaivi.

Ngosha wa Igoma
Makande ya Wapare au ya Wachaga?

Kibogoyo Mstaafu
Jamani uzi wa mtu.

mtoto_wa_tatu
Samahanini, nilikuwa safarini. Nawajibu. Mama ana miaka 67. Presha anayo, sukari kidogo. Havuti. Meno manne yako chini, mawili juu. CT hajapigwa, kuna picha ya kawaida tu. Dawa ni za presha, za sukari, na kingine ni kidonge kimoja tu cha Jumatatu.

Kuhusu kadi, asante sana Bint Mvita, nimemtumia kaka Maskat, amenyamaza.

Kibogoyo Mstaafu
Sukari kidogo ndiyo ngapi? Mimi kabla ya kuwekewa, daktari alitaka kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu kiwe chini ya 8. Nilikuwa 9.4, akanirudisha nyumbani, nikakaa miezi minne nakula dona na mchicha.

DaktariWaKinywa
Subiri. Kidonge cha Jumatatu ni kipi? Anakunywa asubuhi kabla ya kula, na maji mengi, halafu anakatazwa kulala kwa nusu saa?

mtoto_wa_tatu
Ndiyo! Umejuaje? Anakaa kwenye kiti barazani, hataki hata kusalimiwa mpaka nusu saa iishe. Alivunjika mkono mwaka juzi, ndipo akaanzishiwa.

DaktariWaKinywa
Hiyo ni dawa ya kuimarisha mifupa. Kliniki zote tatu mliwaambia?

mtoto_wa_tatu
Hawakuuliza.

DaktariWaKinywa
Sasa hapo simamisheni kila kitu kwanza, hata kule kung'oa. Dawa za kundi hilo zinabadilisha namna mfupa wa taya unavyojiponya, na kuna wachache ambao baada ya kung'olewa au kuchimbiwa kidonda hakifungi, mfupa unabaki wazi na kufa. Kwa vidonge hatari ni ndogo kuliko kwa zile za sindano, na wapo wanaotumia na wakawekewa vipandikizi wakapona vizuri. Lakini anayeamua ni daktari wa meno na yule aliyemwandikia dawa, wakizungumza. Amekunywa kwa muda gani ni jambo la msingi. Na msimwachishe wenyewe, nyonga ikivunjika mtasahau habari ya meno.

Bint Mvita
Subhanallah. Na kule nje mimi nilijazishwa fomu ya lugha nisiyoijua, nikatia sahihi tu.

Mama Wawili
Ndiyo nilisema ya kuvaa mapema. Hayaulizi dawa.

DaktariWaKinywa
Mama Wawili, hata ya kuvaa lazima hayo sita yang'olewe au yaamuliwe yabaki. Na yakimchubua fizi, swali ni lile lile.

mtoto_wa_tatu
Mmenitisha lakini asanteni. Alhamisi nampeleka kwa daktari wa mifupa na boksi la dawa zote. Nitaleta mrejesho.

Chalii_wa_Sanawari
Muulizeni mama mwenyewe pia anataka nini. Bibi yangu tulimwekea ya kuvaa kwa mbwembwe, anayavaa akienda kanisani tu, akirudi anaweka juu ya kabati anakula na fizi. Anasema yanamharibia ladha ya kisusio.

Kibogoyo Mstaafu
Mleta mada, Disemba imepita. Harusi ilikuwaje? Mama aliwekewa yapi?

Ngosha wa Igoma
Mleta mada kaingia mitini.

jogoo_la_shamba
Wakuu nimefukua uzi. Mimi nina pengo moja tu la mbele, nilipigwa kiwiko kwenye mpira. Kipandikizi kimoja siku hizi shilingi ngapi Mwanza?

Kibogoyo Mstaafu
Una miaka mingapi, unavuta?