Mwalimu wa viziwi afuate Kiswahili neno kwa neno? Mimi napinga

Assalaam alaikum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Wapo wanaosema mwalimu wa wanafunzi viziwi aoneshe kila neno la Kiswahili kwa mkono, kwa mpangilio uleule wa sentensi, ndipo mtoto ajue kuandika na afaulu mtihani. Nia yao naiheshimu. Njia yao naipinga.

Mchukueni mchumaji karafuu kule Wete. Yuko juu ya mkarafuu, kalivuta tawi, anachuma, huku anamjibu mtu aliye chini. Sisi wasemaji ulimi ni mmoja, kwa hiyo tunayapanga hayo foleni, kisha tunatia "huku" ili msikilizaji ajue yalikwenda pamoja. Kwa lugha ya alama mkono mmoja unabaki palepale ukiwa tawi lililovutwa, wa pili unachuma, na uso unaelekea chini kwa yule anayeuliza. Yote kwa mara moja. Wala mikono haiendi ovyo, kila mmoja na lake: aghalabu mmoja hutulia ukashikilia jambo la nyuma, mwengine ukaendelea na habari. Hiyo ni sarufi, na ina kanuni zake.

Sasa mlazimishe mwalimu aikate habari hiyo neno mojamoja. Mwaka 1972 watafiti wa lugha Ursula Bellugi na Susan Fischer walipima lugha ya alama ya Marekani, wakakuta alama moja huchukua takriban mara mbili ya muda wa neno la kutamkwa, lakini habari nzima humalizika kwa muda uleule. Wakati unaokolewa na huko kueleza mambo kwa pamoja. Kuondoe, kinachobaki ni kuchelewa tu. Mwalimu atachoka, ataruka maneno, na mtoto ataambulia vipande.

Mtanijibu kuwa mtihani ni wa Kiswahili. Kweli, na kukisoma ni haki yake. Basi aelewe kwanza kisa cha mchumaji kwa alama kamili, halafu aoneshwe ubaoni sentensi inayobeba kazi ya ule mkono uliotulia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania imeuridhia, unataka skuli ziwezeshe kujifunza lugha ya alama.

Wanaotaka neno kwa neno waje na hoja zao. Ila naomba viziwi waliopita skuli zetu watangulie kuandika: mwalimu alipofundisha hivyo, mlikuwa mkielewa nini?