Mjadala: Watoto wa Muheza wanadumazwa na umaskini, au na bada (ugali wa muhogo) ya kila siku?

Baba wa Muheza: Vijiji vyetu vina michungwa, mihogo, kuku wa kienyeji na kisamvu kisichonunuliwa, ilhali mtoto wa mwaka mmoja hunyweshwa uji mweupe asubuhi na kulishwa bada kwa mchuzi jioni. Asilimia 42 ya watoto nchini wamedumaa. Chakula kipo, ila akina mama huuza mayai yote wapate soda.

Mama wa Amani: Kaka yangu, soda hiyo sijaionja. Jana niliokota mayai manne: matatu yalikwenda dukani yakarudi sabuni na chumvi, la nne nikaliacha kiotani kuku alalie. Ungeuliza kwanza fedha ya machungwa, anayoipokea baba, huishia wapi.

Mstaafu wa zahanati: Takwimu hiyo ni ya mwaka 2010, utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya walio chini ya miaka mitano. Isitoshe, Iringa, inayovuna mahindi hata ikauzia mikoa mingine, ndiyo iliyoongoza kwa udumavu mwaka huo, kwa hiyo ghala kujaa si hoja. Mtoto wa miezi 6 hadi 23 anatakiwa apate kwa siku walau makundi matano ya chakula kati ya manane. Hesabuni: ziwa la mama, bada, kisamvu kilichotwangwa kikaiva vizuri, dagaa waliosagwa na chungwa. Matano yametimia, na yai halijaguswa.

Baba wa Muheza: Fedha ya machungwa hulipa ada, mama, na tena mchuuzi hununua yangali mtini kwa bei aitakayo yeye.

Mchuuzi wa dagaa wa Pangani: Mzee wangu wa zahanati amehesabu dagaa kana kwamba huchumwa shambani. Wengine husagwa kuwa chakula cha kuku wa kisasa, na mwenye banda hununua kwa gunia, wakati mama wa kijijini ananunua kwa fungu. Nani nitamwuzia kwanza?

Mama wa Amani: Kumbe kuku wa mjini anakula mlo kamili kuliko mwanangu!

Baba wa Muheza: Neno la soda ninaliondoa. Hata hivyo sijajibiwa: lile yai la nne ni haki ya nani?

Mama wa Amani: Nimeshakwambia, kaka, ni la kuku.